Malale, Malaria na Kumbukumbu ya Damu

Mbung'o huuma mchana. Mbu anayeleta malaria huja usiku kimyakimya, na aliyelala huenda asijue kama ameumwa. Mbung'o hutua mgongoni mwa mtu anayetembea juani, hupenya hata nguo nzito, na maumivu yake humfanya mtu aruke. Katika miombo ya Kibondo, Kakonko na Kasulu, mkoani Kigoma, inayoteremka kuelekea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, hakuna mkata kuni wala mrina asali asiyemfahamu. Mbung'o wengi hawana kitu. Mmoja mmoja hubeba kwenye tezi zake za mate vimelea vya malale, na vikishaingia chini ya ngozi ya binadamu, huanza kisa ambacho mimi nakiona kuwa njia bora ya kueleza kinga ya mwili inavyofanya kazi, kwa sababu ni kisa cha kinga hiyo kushindwa.

Kimelea chenyewe huitwa tripanosoma. Ni seli moja, nyembamba, yenye utando unaopepea ubavuni na mkia unaoiwezesha kuogelea katika damu. Hakijifichi ndani ya seli za mwili kama kinavyofanya kimelea cha malaria. Kinaishi peupe, mahali ambapo kila aina ya ulinzi wa mwili hupita usiku na mchana. Kwa haki kingepaswa kufa wiki ile ile kilipoingia.

Na ulinzi huanza mara moja. Chini ya ngozi kumetawanyika seli ziitwazo makrofaji, ambazo zina vipokezi tunavyorithi kwa wazazi wetu bila kujifunza chochote. Kila kipokezi hushika umbo fulani ambalo vijidudu wengi wanalo na binadamu hana: kipande cha ukuta wa bakteria, protini ya mkia wake, DNA yenye alama zisizofanana na zetu. Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale alitabiri mwaka 1989 kwamba vipokezi vya namna hii lazima viwepo. Jules Hoffmann akaonyesha kazi ya vipokezi hivyo kwa inzi mwaka 1996, Bruce Beutler kwa panya mwaka 1998, na wawili hao wakawa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Janeway alikuwa ameshafariki. Kipokezi kikishika umbo lake, seli humwaga kemikali za kuwaita wenzake, mishipa midogo hutanuka, pale palipoumwa huvimba na kuuma, na joto la mwili hupanda. Homa inayomlaza mgonjwa ni kazi ya mwili wake mwenyewe.

Vitabu vya shule hupenda kusema kwamba seli nyeupe ni askari, mwili ni boma, na kazi ya askari ni kumzuia kila mgeni langoni. Picha hiyo siipendi, na katika mkoa uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi ina ukakasi wake pia. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba si kweli. Mtu mzima mwenye afya hubeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, wengi wao utumboni, idadi isiyopishana sana na ya seli zake mwenyewe. Ugali na maharage aliyokula mchana ni vitu vigeni. Mimba nusu yake ni ya baba. Kama kinga ingempiga kila mgeni, hakuna ambaye angefika umri wa kunyonyeshwa. Polly Matzinger, mtafiti wa Marekani, alitoa hoja mwaka 1994 kwamba kinachoamsha kinga ni dalili za madhara, seli zinazokufa vibaya na kumwaga vilivyomo ndani yake, kuliko ugeni wenyewe. Wenzake walimpinga na bado wapo wanaompinga. Hata hivyo, tangu hapo ni vigumu kuieleza kinga bila kutaja madhara hayo. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kuonyesha kwamba mwili una seli maalumu ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake wasipige. Kujizuia nako kuna watumishi wake.

Kinga ya pili ndiyo inayojifunza. Kila siku uboho wa mifupa hutengeneza mamilioni ya seli B, na kila moja huzaliwa na kipokezi chake, tofauti na cha jirani yake. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu lilikuwa la hesabu: binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000 tu, sasa atawezaje kutengeneza vipokezi vya maumbo mabilioni? Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, alionyesha jibu mwaka 1976. Jeni ya kipokezi haipo ikiwa kamili. Ipo vipande vipande, na kila seli B inapokomaa huchukua kipande kimoja hapa na kingine pale, ikavikata na kuviunga upya, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawiwa. Maana yake ni kwamba mwilini mwa mkata kuni wa Kakonko tayari imo seli inayoweza kulishika koti la tripanosoma, hata kama katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuumwa na mbung'o. Zimo chache sana kati ya mamilioni. Kazi ni kuzikutanisha na kimelea, na mahali pa kukutania ni kwenye tezi za kinenani, kwapani na shingoni. Mitoki ambayo mama huipapasa kwenye shingo ya mtoto mwenye homa ni seli zilizokwisha kumpata waliyekuwa wakimsubiri, na sasa zinazaliana. Baada ya wiki hivi, watoto wa seli ile moja huwa maelfu kwa maelfu, na humwaga kingamwili kwenye damu. Baadhi yao huishi miaka mingi baada ya ugonjwa kwisha. Hao ndio kumbukumbu.

Nimesema koti, na ni neno la watafiti wenyewe. Tripanosoma imefunikwa kuanzia kichwa hadi mkia na takriban molekuli milioni 10 za protini ya aina moja, zilizosongamana kiasi kwamba kingamwili hazioni kitu kingine chochote. Wiki ya kwanza kingamwili hulijua koti hilo na kuvifyeka vimelea karibu vyote. Mgonjwa hupata nafuu. Lakini kimelea kina jeni za makoti zaidi ya 1,000 na hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Katika kila kizazi, vichache hubadili. Vilivyokwisha kubadili hubaki, huzaliana, na homa hurudi. Mwili huanza upya kulijifunza koti la pili, kisha la tatu. Mwaka 1910, Ronald Ross na David Thomson walihesabu vimelea kila siku katika damu ya mgonjwa huko Liverpool, Uingereza, aliyekuwa ameambukizwa Rhodesia. Michoro yao inaonyesha mawimbi: juu, chini, juu tena. Hawakujua sababu. Tunaijua sasa, na kuijua hakujatupa chanjo, kwani chanjo humfundisha mtu umbo moja au machache, na huyu anayo zaidi ya elfu. Katika kufukuzana huko mwili hujichosha. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba tripanosoma huharibu hata kumbukumbu za chanjo walizokwisha kupewa. Malale ya upande huu wa Afrika ni ya haraka, wiki au miezi, mpaka vimelea viingie kwenye ubongo na kuvuruga usingizi.

Hapo kuna fumbo. Tripanosoma wamejaa kwenye wanyamapori na ng'ombe wa Afrika Mashariki, na aina nyingi hazimwezi binadamu hata kidogo. Tangu mwaka 1902 Alphonse Laveran wa Ufaransa alikuwa ameona kwamba majimaji ya damu ya binadamu huwaua tripanosoma wa wanyama. Ndani ya damu yetu mna protini ambayo kimelea huila kikidhani ni chakula, nayo ikishafika ndani hukitoboa. Hakuna kutambua hapo, wala kujifunza, ni sumu tunayozaliwa nayo. Kimelea cha malale ya Afrika Mashariki kinaiepuka kwa kipande kimoja cha protini kinachoinasa sumu hiyo, na kipande chenyewe kilitokana na koti la zamani lililofupishwa. Je, uwezo huo wa kuishi ndani ya binadamu hupotea kimelea kikiishi muda mrefu ndani ya wanyama bila kumgusa mtu? Swali hilo lilijaribiwa Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934: vimelea vya mgonjwa mmoja vilipitishwa kwa mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama, na mara kwa mara wakaletwa watu waliojitolea, wakaumwa. Jaribio liliendelea kwa zaidi ya miaka 15, na watu waliendelea kuugua. Mnyama wa porini angeweza kuwa ghala la malale kwa miaka na miaka.

Kwa Waha, wenyeji wa Kibondo, Kakonko na Kasulu, jibu la serikali ya kikoloni kwa ghala hilo lilikuwa kuhama. Kuanzia mwaka 1933 Waingereza waliwaondoa watu wa Buha kwenye vijiji vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya mahali palipofyekwa, ili mbung'o wakose kivuli. Vijiji vilivyoachwa vilirudi kuwa pori, na sehemu ya pori hilo leo imo ndani ya mapori ya akiba. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa tena, safari hii kwa ajili ya Ujamaa. Halafu wakaja wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, nao wakikimbia.

Mtendeli ilikuwa kambi ya Warundi tangu miaka ya 1990. Ilifungwa, kisha Januari 2016 ikafunguliwa upya katika wilaya ya Kakonko, iliyokuwa imemegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Machafuko yaliyoanza Burundi Aprili 2015 yalikuwa yameijaza kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ilibidi watu wapunguzwe. Kabla mwaka haujaisha Mtendeli nayo ilisimamisha kupokea wapya, maji hayakutosha. Katika zahanati za kambi hizo malale haikuwa ugonjwa wa kila siku. Wa kila siku ulikuwa malaria.

Kimelea cha malaria kimechagua njia nyingine ya kutotambuliwa. Mbu hudondosha vimelea vichache, kumi au mia hivi, na ndani ya saa moja viko kwenye ini. Huko vingeweza kunaswa. Mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakifanya kazi Canberra, Australia, waligundua kwamba seli T, ndugu wa seli B, huzitambua seli zilizoingiliwa pale tu alama ngeni inapoonekana pamoja na molekuli maalumu za mwili wenyewe; baadaye ikajulikana kwamba alama hiyo ni vipande vya protini ngeni ambavyo seli hupeperusha juu ya molekuli hizo. Seli ya ini ina molekuli hizo. Lakini kwenye ini vimelea hukaa wiki moja tu, kisha hutoka kwa maelfu na kuingia kwenye seli nyekundu za damu. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala molekuli za kupeperushia. Seli T hupita mbele yake na haina la kusoma.

Iliyobaki ni bandama, ambayo huchuja damu na kuzitoa seli zilizokakamaa. Ili kuikwepa, kimelea huchomeka juu ya seli nyekundu protini inayonata, na seli hiyo hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, kwenye figo, kwenye ubongo. Mtoto anayepata degedege la malaria ya ubongo katikati ya usiku, mishipa ya ubongo wake imejaa seli zilizoshikamana hivyo. Ila protini inayonata lazima itokeze nje ya seli, na kilicho nje kinaweza kushikwa na kingamwili. Kwa hiyo kimelea hiki nacho hubadili sura: kila kimoja kina jeni zipatazo 60 za protini hiyo, na cha kijiji kingine kina 60 nyingine.

Ndiyo maana kinga ya malaria huja polepole. Kinga ya kutokufa hutangulia, baada ya kuugua mara chache; kinga ya kutoshikwa na homa huchukua miaka; kinga ya kutokuwa na kimelea kabisa, hakuna anayeifikia. Robert Koch aliligundua hili Java na New Guinea katika miaka ya 1899 na 1900 alipoona kwamba damu za watoto zimejaa vimelea huku za wazee wao wa kijiji hicho hicho zina vichache. Mtu mzima wa bonde la Rusizi au wa Rumonge, huko Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, amekwisha kulipa gharama hiyo utotoni. Mtu mzima wa safu za juu za Burundi, zaidi ya mita 2,000, hajalipa, kwani baridi huchelewesha ukuaji wa kimelea ndani ya mbu mpaka mbu anakufa kabla hakijakomaa. Vita au njaa ikimshusha, ana kinga ya mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Malaria ilipopanda milimani Burundi mwaka 2000 na 2001, wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni saba, na watu wazima walilala pamoja na watoto. Wakiwekwa kambi moja, wa ziwani na wa mlimani hupanga foleni moja ya kipimo, na kwa macho hawatofautiani.

Je, kumbukumbu ya damu ni ya mahali tu? Hapo nilitaka kusema ndiyo, lakini kuna jaribio linalonizuia. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na S. Carrington walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa Gambia wakawapa watoto waliokuwa wagonjwa wa malaria. Ndani ya siku chache vimelea vilipungua kwa kiasi kikubwa. Baadaye kingamwili za watu wazima wa Afrika Magharibi zilijaribiwa kwa watoto wa Afrika Mashariki, na zikafanya kazi. Kwa hiyo aliyejifunza malaria ya Gambia anajua kitu kuhusu malaria ya huku. Mkimbizi wa Rumonge hafiki Kakonko mikono mitupu. Nikilazimika kusema, nitasema kwamba sehemu ya kumbukumbu husafiri na sehemu hubaki nyumbani, na kwamba ile inayosafiri nayo hufifia ikikaa muda mrefu bila kuumwa na mbu.

Kingamwili zenyewe ziko pia kwenye meza ya zahanati, ingawa hakuna anayezitaja. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole kwenye kifaa cha plastiki, ni kingamwili za panya zilizokaushwa kwenye karatasi. Damu hutambaa, na ikiwa ina protini fulani ya kimelea, kingamwili huishika pale pale na mstari wa pili hutokea. Kipimo hicho kina kasoro ya kutambua kwa kupitiliza: protini hiyo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo aliyemaliza dawa ya mseto wiki iliyopita anaweza kuonekana bado ana malaria.

Chanjo za malaria, RTS,S iliyopendekezwa na WHO Oktoba 2021 na R21 iliyofuata Oktoba 2023, hazijisumbui na zile protini 60 zinazonata. Zinamfundisha mtoto umbo la kimelea kikiwa bado safarini kutoka mate ya mbu kwenda ini, wakati kiko peke yake na hakijabadili kitu. Zote mbili zilifanyiwa majaribio, pamoja na mahali pengine, Bagamoyo, na Taasisi ya Afya Ifakara. Muda wa kukishika ni chini ya saa moja, na kingamwili lazima ziwe nyingi mno kwenye damu. Kwa watoto walioanza na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi nne za RTS,S zilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Kwa chanjo nyingine ningesema ni kidogo. Kwa ugonjwa huu nasema ni nyingi.

Wakimbizi hawakupata malaria peke yake. Kipindupindu kilichowapata Kagunga, Mei 2015, ni habari fupi kwa upande wa kinga, japo si fupi kwa waliokuwapo. Kagunga ni ukanda mwembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, bila barabara. Watu walisubiri meli ya MV Liemba iwachukue kwenda Kigoma mjini, na wagonjwa walipita 3,000. Bakteria wa kipindupindu haingii kwenye damu. Hubaki utumboni na kumwaga sumu inayofungulia maji ya mwili. Kwa hiyo kingamwili za damuni hazimfikii vizuri; zinazohitajika ni za aina inayotolewa kwenye ute wa utumbo wenyewe, na ndiyo sababu chanjo iliyotolewa Nyarugusu baada ya mlipuko huo ilikuwa ya kumeza.

Surua ni kinyume chake. Mtoto akipona anabaki na kinga ya surua maisha yake yote, lakini virusi hao hupenda kuingia hasa kwenye seli za kumbukumbu. Mwaka 2019 Michael Mina, Stephen Elledge na wenzao walipima damu za watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Kwa watoto waliopata chanjo ya surua, hasara hiyo haikuonekana. Katika mapokezi ya wakimbizi sindano ya surua hutangulia mengine mengi, na mbali na kuzuia surua yenyewe inalinda pia kila kitu ambacho mwili wa mtoto ulijifunza kabla ya kuvuka.

Kuna mwanafunzi mmoja wa malaria ambaye huanza upya hata kama hajahama. Msichana aliyekulia kwenye malaria, akajenga kinga yake kwa miaka kumi na tano au ishirini, anaposhika mimba ya kwanza hupata kiungo ambacho mwili wake haujawahi kuwa nacho, kondo la nyuma. Moja kati ya zile jeni 60 hutengeneza protini inayonata pale tu, si penginepo. Kabla ya mimba haikuwa na pa kushika, kwa hiyo kingamwili zake hazipo. Seli zilizoingiliwa hujikusanya kwenye kondo, mama hupungukiwa damu bila hata kushikwa na homa, na mtoto huzaliwa mdogo. Mimba ya pili huwa nafuu, ya tatu nafuu zaidi, maana sasa umbo hilo amekwisha kulijua. Muuguzi wa kliniki anayempa mjamzito wa kwanza vidonge vya SP vya kuzuia malaria na kumwuliza kama analala ndani ya chandarua anaziba pengo hilo, la miezi michache, mpaka damu yenyewe ijifunze.